Cherehani ya bibi haina zebaki nyekundu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai cherehani nyeusi za mkono zililetwa kwa mkataba wa serikali ya kikoloni, zikiwa na "zebaki nyekundu", kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani ya mamilioni ya pesa, ndani ya sindano. Si kweli.

Namba iliyogongwa kwenye kitako ni ya kiwanda, ya kutambua toleo na mwaka. Si ya mkataba wowote. Zebaki halisi ni kimiminika cheupe kama fedha, na sindano ni chuma kitupu kisicho na uwazi ndani wa kuihifadhi. Vuta kibati cha kufunikia bobini, toa bobini: utakuta mafuta yaliyoganda na nyuzi za vumbi. Sogeza sumaku, sindano itanasa. Zebaki hainasi.

Wengi huchanganywa na vipimajoto vya zamani vyenye kimiminika chekundu, ambacho ni spiriti iliyotiwa rangi. Matapeli pia hudai kwamba simu ikikata mtandao karibu na sindano ni dalili ya zebaki hiyo; kipimo hicho ni kiini macho. Baada yake huja ombi la "ada ya kupima".

Inauma kuona mashine nzima ikivunjwa kwa nyundo, wakati tone la mafuta lingeifanya ishone tena. Tafadhali, ukipata ujumbe huo usiusambaze.