Ramani nzuri si lazima ifanane na ardhi

Wengi huamini kwamba kadiri ramani inavyofanana na ardhi yenyewe ndivyo inavyomfaa mtumiaji. Si kweli. Inategemea anatafuta nini.

Mwaka 1931 Harry Beck, aliyezoea kuchora saketi za umeme, alichora upya ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Aliyemo ndani ya handaki haoni mitaa. Anachotaka kujua ni apande treni ipi, abadilishe wapi na ashuke wapi. Basi Beck akanyoosha njia zote: wima, mlalo, au mshazari wa nyuzi 45. Katikati ya jiji, penye vituo vilivyosongamana, akapapanua, viunga akavibana. Wakubwa waliikataa mwanzoni. Ilipotoka 1933, abiria waliichangamkia.

Lakini usikimbilie kusema kwamba kurahisisha ndiyo dawa. Kwenye ramani hiyo, Leicester Square na Covent Garden ni vituo viwili kama vingine vyovyote, kumbe kati yake ni kama mita 260 tu! Mgeni hulipa nauli pale ambapo miguu ingetosha.

New York nayo ilitoa mchoro wa aina hiyo mwaka 1972, ikaionyesha Central Park kama mraba, ilhali ni bustani ndefu na nyembamba. Abiria wa kule huitazama ramani akiwaza pia mtaa atakaotokea, kwa hiyo malalamiko hayakukosekana. Mwaka 1979 mchoro ukabadilishwa. Kwa macho tu, ule wa 1972 ulikuwa mzuri kuliko ule uliochukua nafasi yake.