Fukuto ni nini, na kwa nini nyuzi 32 za Dar si nyuzi 32 za Dodoma

Mwishoni mwa Februari, simu ya mtu aliyeko Dar es Salaam huandika nyuzi 32, na mgeni aliyeshuka kutoka Dodoma haoni ajabu, maana kwao Oktoba joto la mchana hufika karibu na hapo. Saa moja baadaye shati limemganda mgongoni na anatafuta penye feni. Simu haikumdanganya. Imempa joto la hewa tu, wala haikumwambia ndani ya hewa hiyo kuna mvuke wa maji kiasi gani. Joto likikutana na mvuke mwingi, upepo ukawa haba, ndipo tunaposema kuna fukuto.

Tuanze na mwili. Mwili huzalisha joto saa zote, hata ukiwa umelala, na lazima ulitoe ili ubaki karibu na nyuzi 37. Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi, joto hujitokea lenyewe. Lakini ngozi wakati wa joto huwa na nyuzi kama 35, kwa hiyo hewa ya nyuzi 32 haina nafasi kubwa ya kulipokea. Kazi inabaki kwa jasho.

Wengi hudhani jasho hupoza kwa kuwa ni majimaji. Hapana, hupoza pale linapogeuka mvuke, na kuyageuza maji kuwa mvuke hula joto jingi mno. Teleka lita moja ya maji ya bomba, yachemke, kisha uyaache mpaka sufuria ikauke kabisa: joto la kuyakausha ni kama mara saba ya lile lililoyafikisha kuchemka. Jasho halichemki, lakini bei yake ni ileile au zaidi kidogo, na mlipaji ni ngozi yako. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoka na kilojuli zipatazo 2,400. Tone lililochuruzika hadi kidevuni likaanguka sakafuni limekupotezea maji na chumvi, na joto halikuchukua la maana. Ndiyo maana mtu anaweza kuloa chapachapa na bado akawaka moto. Dodoma anatoka jasho vilevile, ila linakauka kabla hajaliona. Ataligundua jioni kwa mistari myeupe ya chumvi kwenye shati.

Sasa kwa nini pwani halikauki? Mazoea yetu ni kusema hewa imeshiba maji. Hewa haina tumbo. Kinachotokea ni safari za pande mbili, mfano wa kivuko cha Kigamboni. Chembe za maji huruka kutoka kwenye ngozi kwenda hewani, na wakati huohuo chembe nyingine zilizokuwa hewani huja kutua kwenye ngozi. Mvuke ukiwa haba, waendao ni wengi kuliko warudio na ngozi inakauka. Mvuke ukiwa mwingi, warudio wanakaribia idadi ya waendao, na jasho linabaki hapohapo.

Tuweke namba. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita tatu. Hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, hali ya kawaida kabisa Dar msimu huo, ndani ya chumba hicho kunaelea zaidi ya nusu lita ya maji katika umbo la mvuke. Chumba kama hicho chenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 30, jambo la kawaida sehemu kavu za bara kabla ya mvua, kina robo lita hivi. Nyuzi moja tu ya tofauti, lakini maji ni zaidi ya maradufu.

Hiyo asilimia ya unyevu, kusema kweli, hupotosha watu. Asubuhi ya baridi Njombe inaweza kuwa na asilimia 95 na hakuna anayelalamika fukuto, kwa sababu asilimia hupimwa kulingana na joto lililopo, na hewa ya baridi hufika mia kwa mvuke kidogo tu. Mimi ningeitazama namba nyingine, ile ya joto la umande: kiwango ambacho hewa ikipoa kufikia hapo, mvuke wake huanza kugeuka maji. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa nje kwa sababu hiyo. Haivuji, imeipoza hewa inayoizunguka kupita joto la umande. Joto la umande likiwa chini ya nyuzi 16 utaiona hewa kavu. Likivuka 24, na Dar mwezi Februari na Machi huvuka mara kwa mara, hata kukaa kivulini unatoka jasho.

Msimu wenyewe una sababu zake. Jua hupita juu kabisa ya Dar mapema Machi, likiwa safarini kurudi kaskazini. Bahari nayo hupata moto polepole, kwa hiyo imefikia kilele chake cha mwaka, nyuzi 29 hadi 30 juu ya maji, na inatoa mvuke mchana na usiku. Kisha upepo wa kaskazi uliokuwa ukisaidia tangu Desemba unalegea, tunaingia tanga mbili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, na kusi bado. Usiku hakuna nafuu kubwa, kwani mvuke huzuia sehemu ya joto la ardhi lisipande angani. Bara kavu hupoa haraka baada ya magharibi, pwani tunalala na nyuzi 25.

Ndani ya nyumba mambo mengi madogo yana asili hiyohiyo. Chumvi hugandamana kwa sababu unyevu ukipita asilimia 75 huanza kuvuta mvuke na kujiyeyusha; punje za mchele mnazotia kwenye kopo husaidia kidogo tu, kifuniko kinachobana husaidia zaidi. Harara za watoto huja vijitundu vya jasho vinapoziba kwenye ngozi isiyokauka. Feni haipozi hewa hata kidogo. Hufukuza ule mvuke uliolala juu ya ngozi ili jasho lipate kuondoka, kwa hiyo feni inayozunguka kwenye chumba kisicho na mtu inakula umeme bure. Kiyoyozi hufanya kazi mbili, kupoza na kukausha, na yale maji yanayowadondokea wapita njia chini ya majengo ya Kariakoo ni mvuke uliotolewa ofisini.

Mtungi ndio unaopima jambo hili vizuri zaidi. Udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Lakini hauwezi kupoza bila kikomo, na kikomo hicho unaweza kukiona mwenyewe: funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee, ungoje namba iache kushuka. Katika ile hewa ya bara yenye nyuzi 31 itasimama kwenye 19 hivi, maji ya mtungi yanakaribia hapo, baridi safi. Katika hewa ya Dar ya nyuzi 32 itagoma kwenye 26 au 27. Hakuna kosa la mfinyanzi.

Namba hiyo ya kitambaa kilicholowa ndiyo mpaka wa jasho pia. Mwaka 2010 watafiti Sherwood na Huber walieleza kwamba ikifika 35, binadamu hawezi tena kutoa joto hata akikaa kivulini uchi mbele ya feni. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba miili ya vijana wenye afya huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31 kwenye hewa yenye unyevu. Waswahili waliopo Dubai wanaishi karibu na mpaka huo wa 31 kila mwisho wa kiangazi, kwa kuwa Agosti maji ya Ghuba hupita nyuzi 32. Tarehe 8 Julai 2003, Dhahran huko Saudi Arabia, joto la umande lilipimwa nyuzi 35. Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Hilo huondoa jua. Mvuke hubaki hata baada ya isha, na kwa anayefanya kazi ya usiku huko, kinachofaa kutazamwa kwenye simu ni joto la umande.