Mtoto Mnene Anayehitaji Kupandikizwa Ini: Majibu kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Ugonjwa sugu wa ini kwa watoto mara nyingi huambatana na kukonda, na duniani kote sababu kuu ya watoto kupandikizwa ini ni kuziba kwa mirija ya nyongo, maradhi yanayowapata tangu uchanga. Wapo hata hivyo watoto, hasa walio karibu na balehe, wanaofikia hatua hiyo wakiwa na kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, na maswali yaliyo hapa chini yanawahusu wao.

Unene unaliharibuje ini la mtoto?

Mwili unapopokea sukari na wanga kupita mahitaji yake, ini hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta na kuyaweka ndani ya chembe zake. Kwa watoto wengi mafuta hayo hukaa bila dalili. Kwa wengine huleta uvimbe wa ndani kwa ndani, uvimbe huacha makovu, na makovu yakienea ini huwa gumu na kusinyaa, hali iitwayo sirosisi. Ni wachache wanaofika huko kabla ya utu uzima. Wako pia watoto ambao ini lao liliugua kwanza, kwa mfano pale kinga ya mwili inapolishambulia, kisha dawa za steroidi walizopewa kutuliza kinga hiyo zikawaongezea hamu ya kula na uzito.

Mizani ya kliniki ikisoma kilo nyingi, je, mtoto ameshiba vyema?

Si lazima, na hili ndilo jambo ninalotaka mzazi alishike kuliko mengine yote. Mtoto mwenye ini bovu anaweza kuwa mnene na wakati huohuo akawa na utapiamlo, kwa sababu misuli inaliwa huku mafuta na maji yakiongezeka. Maji yaliyojaa tumboni yanaweza kufikia kilo kadhaa. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe hupima pia mzingo wa mkono wa juu kwa utepe, pamoja na unene wa mafuta yaliyo chini ya ngozi nyuma ya mkono, maana sehemu hiyo haijai maji upesi. Kilo zikipanda ghafla ndani ya siku chache, hayo kwa kawaida ni maji. Mtoto arudishwe hospitalini, asipunguziwe chakula.

Kwa nini wapasuaji hujali uzito?

Usingizi wa dawa huwa mgumu zaidi kwa mtoto mnene, hasa anayekoroma na kukatika pumzi usiku, na vidonda vyake vya upasuaji hupata maambukizi kwa urahisi. Zaidi ya hayo kuna suala la mtoaji. Kipande cha ini kinachotolewa na ndugu aliye hai kwa kawaida hutakiwa kisipungue takriban asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji: kwa mtoto wa kilo 20 ni gramu 160, lakini kwa kijana wa kilo 80 ni gramu 640, jambo ambalo huweza kulazimu kukata upande wa kulia wa ini la mtoaji, na hatari kwake huongezeka. Baba au mama mwenye mafuta mengi kwenye ini anaweza kukataliwa kutoa mpaka yapungue, ndiyo maana ni busara nyumba nzima ibadili mlo. Unene peke yake, hata hivyo, haupaswi kumnyima mtoto nafasi ya kuchunguzwa.

Basi tumpunguzie chakula?

Hapana, msimshindishe njaa. Ini lililochoka haliwezi kuweka akiba ya sukari ya kutosha usiku kucha, hivyo mtoto anahitaji kula kidogo kidogo na kupata kitu kabla ya kulala, la sivyo mwili utakula misuli yake. Kinachoondolewa kwanza ni soda na juisi za viwandani. Chupa ya mililita 350 huweza kubeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Vitumbua na mihogo ya kukaanga vifuate, muhogo wa kuchemsha ubaki kwa kiasi. Protini isipunguzwe bila amri ya daktari: samaki wasiokaushwa, kunde, mbaazi na choroko zinapatikana kwetu bila shida. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, ni tatizo kwa sababu ya chumvi, ambayo huongeza maji tumboni. Korosho je? Ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zina zaidi ya kalori 500, na msimu wa mavuno mkono wa mtoto hauhesabu. Apewe chache, zisizo na chumvi.

Vipi sindano za kupunguza uzito, au upasuaji wa tumbo?

Nchini Marekani sindano ya liraglutide iliruhusiwa mwaka 2020 na semaglutide mwaka 2022 kwa wenye kiribatumbo kuanzia miaka 12, lakini kwa mtoto ambaye ini limeshindwa uamuzi ni wa bingwa. Kupunguza ukubwa wa tumbo kwa upasuaji ni hatari sana katika hatua hiyo. Dawa za asili za kukata kitambi zisiguswe kabisa. Baadhi huliumiza ini.

Baada ya kupandikizwa, uzito utapungua wenyewe?

Mara nyingi huongezeka. Steroidi huleta njaa, takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, huweza kupandisha sukari ya damu, na mafuta yanaweza kurudi katika ini jipya.

Tuanzie wapi?

Anzeni zahanati, kisha hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Rufaa ya Muhimbili hutokea huko. Kamilisheni chanjo mapema, hasa ya surua, kwa kuwa chanjo zenye virusi hai kwa kawaida hazitolewi baada ya upandikizaji. Mtoto akitapika damu, akipata kinyesi cheusi, akichanganyikiwa, au akiwa na homa huku tumbo limejaa maji, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni saa hiyohiyo.