Chemba ya biashara si chumba, wala si ofisi ya halmashauri

Katika mkutano wa wafanyabiashara uliofanyika hivi karibuni kwenye ukumbi wa shule hapa mjini kwetu, mshereheshaji alimkaribisha mwenyekiti wa chemba kwa kusema, "Sasa namwita mkuu wa biashara wa wilaya." Mwenyekiti, ambaye siku zote tunamkuta nyuma ya kaunta ya duka lake akipima misumari kwenye mizani, alisimama akitabasamu. Kabla hajasema neno, mama mmoja anayeuza nyanya kwa jumla alinyanyua mkono na kumtaka apunguze ushuru wa tenga. Mwenyekiti akajibu kwamba amelipokea. Hiyo ilikuwa mara ya nne au ya tano mwaka huu kusikia kosa lile lile la kumchukulia kiongozi wa chemba kuwa mtu wa serikali, na safari hii hata mwenye cheo hakulisahihisha.

Chemba ya biashara ni jumuiya ya hiari ya wenye biashara wa mahali fulani, wanaolipa ada, wanaochagua viongozi wao wenyewe, na wanaoutumia umoja wao kusemea maslahi yao mbele ya serikali, kutafuta masoko na kupeana taarifa. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Kinachowapoteza watu ni jina.

Wengi hudhani kwamba chemba ni chumba kilichotamkwa kizungu, na kufanana kwa sauti kunawapa moyo. Ukweli ni kwamba maneno hayo mawili hayana undugu. Chumba ni neno letu la Kibantu, lenye mzizi ule ule wa nyumba, likiwa limevishwa kiambishi cha udogo: kijumba kilichomo ndani ya nyumba. Chemba imetoka katika Kiingereza, ambacho kiliipata kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kiliirithi kutoka neno la Kilatini, camera, lenye maana ya chumba chenye dari la kuba. Kwa hiyo ndugu wa kweli wa chemba katika Kiswahili ni kamera, ile ya kupigia picha, ambayo ilipata jina lake kwa sababu hapo mwanzo ilikuwa chumba chenye giza kilichopenyezwa mwanga kwa tundu dogo. Fundi picha na mwenyekiti wa chemba wanatumia neno moja bila kujua, ilhali chumba kimekaa pembeni kama jirani aliyefanana na familia isiyo yake.

Neno hili limeshaingia mitaani kwetu kwa milango mingi. Chemba ikiziba, tunamwita fundi wa maji taka. Kesi ikisikilizwa chemba, waandishi wa habari hubaki nje. Mtu akikuvuta chemba, ana la kukuambia wengine wasilisikie. Iko pia Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ambayo haihusiki kabisa na mjadala huu, ingawa nimewahi kumsikia mtu akiuliza kama huko ndiko yaliko makao makuu ya wafanyabiashara.

Chumba kiligeukaje kuwa watu? Mswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo. Baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba za Lamu na Unguja, ambapo wanaume hukaa jioni wakinywa kahawa na kuzungumza. Kutoka kwenye benchi hilo tukapata baraza la wazee, baraza la madiwani na baraza la mawaziri. Kikao kimechukua jina la kikalio. Wafaransa nao walikiita chambre chombo kinachokutana chumbani, na mwaka 1599 mji wa bandari wa Marseille ukawa na chemba ya biashara ya kwanza kuitwa kwa jina hilo. Desturi ikasambaa. Mwaka 1768 wafanyabiashara ishirini wa New York walianzisha ya kwao wakiwa kwenye hoteli ya vinywaji, jambo linaloonyesha kwamba chumba chenyewe kilikuwa kimeshaacha kuwa na umuhimu.

Huku kwetu, Kenya ilipata chemba yake ya kitaifa mwaka 1965, kwa kuunganisha zile za Waafrika, Waasia na Wazungu zilizokuwa zikiendeshwa kila moja kivyake. Tanzania ilipata TCCIA, yaani chemba ya taifa ya biashara, viwanda na kilimo, mwaka 1988. Magazeti hadi leo huiita mara chemba, mara chama, na hapa mimi huchagua chemba bila kusita. Mwaka ule wa 1988 chama cha siasa nchini Tanzania kilikuwa kimoja kisheria, na aliyesema "Chama" hakuhitaji kukitaja jina. Hata sasa neno hilo, likiachwa peke yake, linamwelekeza Mtanzania kwenye siasa, na Mkenya kwenye kikundi cha kuweka akiba kwa zamu. Chemba, pamoja na harufu yake ya maji taka, angalau haimpigii mtu kampeni.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe linaloniudhi. Kila wilaya ya Tanzania ina, au inatakiwa kuwa na, Baraza la Biashara, ambalo ni tawi la mfumo ulioanzishwa kwa waraka wa Rais mwaka 2001, lilipoundwa Baraza la Taifa la Biashara. Baraza la wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, na limewekwa ili serikali na sekta binafsi zikae meza moja. Vyombo vyote viwili, baraza na chemba, vimepewa jina la mahali pa kukaa, kimoja kibarazani na kingine chumbani, na ndiyo maana watu huvichanganya; lakini barazani serikali ndiye mwenyeji, na chemba huingia kama mgeni aliyealikwa kusema ya wanachama wake. Halafu yuko afisa biashara, mtumishi wa halmashauri anayelipwa mshahara wa umma, ambaye leseni hupitia mezani kwake. Mwenyekiti wa chemba hatoi leseni. Leseni ni kazi ya halmashauri au BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kutegemea aina ya biashara. Hawezi kufunga duka la mtu, hapangi ushuru, na hana mgambo.

Anachoweza ni kidogo, lakini kina uzito wake. TCCIA hutoa cheti cha uasili wa bidhaa, karatasi ambayo mwenye kupeleka mzigo nje ya nchi huihitaji ili mzigo wake utambulike kuwa wa Tanzania. Zaidi ya hapo, kiongozi wa chemba ana sauti ya waliomchagua, na sauti hiyo hupungua kila anapokubali kuitwa mkuu, kwa sababu watu huanza kumdai mambo ya serikali, na asipoyatimiza huacha kulipa ada. Huko Ujerumani uanachama wa chemba ni lazima kwa mujibu wa sheria, hivyo kiongozi wake hana hofu ya kukimbiwa. Sisi tulifuata mkondo wa Waingereza, wa hiari, na wa kwetu anaweza kukimbiwa kesho.

Mkutano ulipokwisha nilimvuta mshereheshaji chemba, kwa maana ile ya mtaani, nikamweleza kwamba yule mzee ni mwenyekiti wa chemba ya biashara ya wilaya, aliyechaguliwa na wanachama, na kwamba hilo linatosha kuwa utambulisho wa heshima. Akauliza, kwa haki kabisa, sasa yule mama wa nyanya aende wapi. Nikamjibu kwamba ushuru wa soko umo katika sheria ndogo zinazopitishwa na baraza la madiwani, basi aanze na diwani wa kata yake. Akiwa mwanachama, chemba inaweza kumwandikia barua ya kumsindikiza. Kijana aligeuza karatasi ya ratiba akaandika nyuma yake "m/kiti wa chemba", kisha akaniuliza kama chemba huandikwa kwa e au kwa u.