Wahudumu wa helikopta za wagonjwa wanaofia kazini Marekani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mhudumu wa dharura akifa katika ajali ya helikopta ya wagonjwa, serikali ya Marekani humhesabu sawa na polisi au zimamoto.

Ukweli: Inategemea alikuwa akilipwa mshahara na nani. Sheria ya mwaka 1976 ya kifuta machozi kwa familia za waliofia kazini ilianza na polisi na zimamoto. Wahudumu wa ambulensi za umma waliingizwa baadaye, na wale wa mashirika yasiyotafuta faida wakasubiri hadi marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2013, yenye jina la Dale Long, mhudumu wa Vermont aliyefariki mwaka 2009 katika ajali ya ambulensi. Marekebisho hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa kampuni za kibiashara, ambazo huendesha helikopta nyingi za aina hii. Kwa hiyo watu wawili wenye ujuzi uleule wangeweza kufa kifo kimoja, familia moja ikalipwa na nyingine ikaambulia rambirambi, jambo ambalo sioni namna ya kulitetea.

Dhana: Majina yao huingia yenyewe katika kumbukumbu ya taifa.

Ukweli: Lazima mtu ayapendekeze. Katika ibada ya kitaifa ya kuwakumbuka wahudumu wa dharura, iliyoanzia Roanoke, Virginia, familia hukabidhiwa medali, waridi jeupe na bendera iliyopepea juu ya jengo la Bunge. Mnara wa kuwakumbuka wahudumu hao jijini Washington uliidhinishwa na Bunge mwaka 2018, lakini bila fedha ya serikali kuu. Ni wa michango.

Dhana: Kuwaenzi ni kazi ya sherehe na makaburi.

Ukweli: Kuwaenzi ni pia kuzuia vifo kama vyao. Tarehe 3 Julai 2015, helikopta ya wagonjwa ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka hospitali ya Frisco, Colorado. Kamera ilinasa mafuta yakimwagika kabla ya moto kuwaka. Rubani alifariki, wauguzi wawili wakaumia vibaya, mmoja akiungua karibu mwili mzima. Tangi halikuwa la kuhimili mshtuko, kwa kuwa muundo wa helikopta hiyo uliidhinishwa kabla ya kanuni ya mwaka 1994 iliyodai matangi ya namna hiyo. Shinikizo la manusura na familia lilichangia sheria ya mwaka 2018 inayodai matangi salama, ingawa kwa helikopta mpya tu. Za zamani hazikulazimishwa kubadilishwa.