Akupancha na mitishamba ya Kichina: ukienda kwa mara ya kwanza

Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ilifika Zanzibar mwaka 1964, na tangu mwaka 1987 wataalamu wa tiba asili kutoka China walianza kushirikiana na Muhimbili katika kuwahudumia wanaoishi na VVU. Tiba hii si ngeni kwetu, lakini anayeiendea kwa mara ya kwanza bado huogopa kitu kimoja: sindano. Woga huo haujaelekezwa panapostahili. Sindano unaiona kwa macho yako ikitoka kwenye pakiti. Kinachotaka uangalifu zaidi ni kile kifuko cha majani na mizizi utakachopewa uende nacho nyumbani.

Sindano ya akupancha haina tundu wala haibebi dawa. Unene wake wa kawaida ni milimita 0.25, karibu nusu ya sindano ya chanjo. Iwe mpya, imefungwa, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Ikishatumika itupwe kwenye boksi la sindano chafu. Ukiona sindano inatolewa kwenye kikopo chenye spiriti, vaa viatu uondoke. Spiriti haitoshi kuua virusi vya homa ya ini vilivyobaki kwenye sindano ya mtu mwingine. Hapa Tanzania mtoa huduma anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Kuomba kuona cheti chake si utovu wa adabu.

Usiende na njaa. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kwa sababu wengi wanaozimia kwenye sindano ni wenye njaa, wenye woga, au waliochomwa wakiwa wamekaa. Mara ya kwanza omba ulale. Usinywe kahawa wala usisugue ulimi asubuhi hiyo, maana mtaalamu atautazama rangi na utando wake. Atashika mapigo mahali patatu kwenye kila kifundo cha mkono, aulize usingizi, choo, kiu na hedhi. Huo ndio uchunguzi wa jadi yao, nao hauchukui nafasi ya vipimo. Mwenye homa apime malaria kwanza.

Ngozi hupanguswa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Kisha sindano hugongwa taratibu kupitia kijibomba kidogo cha plastiki, moja baada ya nyingine, kati ya 5 na 15 hivi, zikaachwa mwilini dakika 20 hadi 30. Unachotarajiwa kuhisi ni uzito, ganzi au kujaa mahali pale. Hisia hiyo Wachina wanaiita deqi. Maumivu makali yanayochoma au kama shoti ya umeme ni jambo lingine, maana huenda neva imeguswa. Sema papo hapo, usijikaze kiume.

Usijigeuze, kwa kuwa msuli ukikaza huing'ang'ania sindano. Sindano iliyokwama haivutwi kwa nguvu: mgonjwa hulegezwa, pembeni yake hupapaswa, baada ya dakika chache inatoka yenyewe kwa urahisi. Na zihesabiwe zikiingia na zikitoka, maana zilizochomwa kichwani hupotea kwenye nywele.

Mahali panapochomwa pana uzito wake. Zusanli, upana wa vidole vinne chini ya goti upande wa nje, pana msuli mnene na panafaa kwa anayeanza. Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, na Sanyinjiao, juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, kwa desturi huepukwa kwa mjamzito. Basi mwambie hata kama mimba ni changa. Bega, mgongo wa juu na kifua ndipo penye hatari halisi, kwa kuwa pafu liko karibu. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali usiku huohuo. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu isigande) na mwenye betri ya moyo wajieleze kabla. Huyu wa pili asiunganishwe umeme kwenye sindano.

Ukiona vikombe vya kioo, hiyo ni kuumika, ndugu ya hijama na ya chuku ya wazee wetu. (Na kupiga chuku kwa maana ile nyingine kupo pia: anayekuahidi kuponya kisukari au saratani kwa sindano anakupigia chuku.) Ushahidi unaoeleweka uko kwenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, shingo na goti, kipandauso, na kichefuchefu cha dawa za saratani. Hata huko, tofauti kati ya sindano halisi na ya kuigiza mara nyingi ni ndogo. Jipe mara 5 au 6, kisha pima mwenyewe kama unaendelea.

Sasa kifuko. Mitishamba ya Kichina si chai ya kujifurahisha. Tu Youyou, mtafiti wa Kichina, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, iliyotoka kwenye mmea wa qinghao, na kutokana nayo tuna dawa mseto ya malaria. Mmea wenye nguvu ya kuua kimelea cha malaria hauwezi kuitwa "hauna madhara kwa sababu ni wa asili". Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene waliharibikiwa figo. Mmea uliotakiwa ulikuwa fangji, ukawekwa guangfangji, wenye asidi ya aristoloki. Majina yanakaribiana, mimea haina undugu.

Kwa hiyo dai orodha iliyoandikwa, kwa jina la Kichina na la Kilatini. Gancao kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Danggui na danshen huongeza nguvu ya warfarin. Mahuang huuendesha moyo mbio. Heshouwu imewadhuru watu ini. Fuzi ni sumu isipochemshwa peke yake dakika 30 hadi 60 kabla ya nyingine kuongezwa. Ukikuta ejiao, hiyo ni gundi ya ngozi ya punda, biashara iliyowafanya viongozi wa Umoja wa Afrika mwaka 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kuchemsha: loweka dakika 30, maji yapite juu ya dawa kwa sentimita 2 au 3, yakichemka punguza moto kwa dakika 20 hadi 30, chuja. Ongeza maji, rudia, changanya maji ya mara zote mbili, gawanya asubuhi na jioni. Bohe na majani mengine yenye harufu huingia dakika 5 za mwisho, la sivyo harufu, yaani dawa yenyewe, inaruka na mvuke. Sufuria zetu za alumini hazifai. Tumia chungu, enameli au chuma kisichoshika kutu.

Vidonge visivyo na orodha, vinavyoondoa maumivu ya viungo siku ileile au kuamsha nguvu za kiume kwa saa moja, vishuku. Vya namna hiyo vimewahi kukutwa na dawa za hospitali ndani yake: deksamethasoni (ya kutuliza uvimbe) au sildenafili (ile ya Viagra).

Anayetumia ARV, dawa za presha au za kisukari asiache hata dozi moja, na amwonyeshe mfamasia orodha kabla ya kunywa. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi au uso ukavimba, acha mitishamba, nenda hospitali, na ubebe kifuko kilichobaki pamoja na makapi yake.