Localhost ni nini, na kwa nini haifunguki kwa mwenzako

Localhost ni jina ambalo kompyuta hujiita yenyewe. Ukiandika http://localhost kwenye kivinjari, ombi halitoki nje: linakwenda kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo siku zote humaanisha mashine hiyo hiyo, na kujibiwa na programu ya seva iliyomo humo humo. Ndiyo maana tovuti unayoijenga hufunguka hata bando likiisha. Ndiyo maana pia kumtumia mwenzako kiungo cha localhost hakumsaidii; kivinjari chake kitaitafuta tovuti hiyo kwenye kompyuta yake yeye.

Kwa anayeanza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kwenye Windows, XAMPP ndiyo njia ya mkato: huleta Apache (programu ya seva), PHP na hifadhidata ya MariaDB kwa pamoja. Isakinishe C:\xampp, usiiweke ndani ya Program Files, maana huko Windows huzuia programu kuandika faili. Washa Apache na MySQL (ndivyo MariaDB inavyoitwa pale) kwenye paneli yake, kisha weka kazi yako ndani ya htdocs. Folda C:\xampp\htdocs\duka utaifungua kwa http://localhost/duka. Usibofye faili la PHP moja kwa moja: anwani ikianza na file:/// ujue hujapitia kwenye seva, na PHP haitafanya kazi.

Kinachowasumbua wengi ni Apache kukataa kuwaka. Mara nyingi poti 80, yaani mlango ambao Apache hupokelea maombi, imeshashikwa na programu nyingine, kwa mfano IIS, seva ya Windows yenyewe. Fungua Command Prompt, andika netstat -ano | findstr :80, utafute mstari wenye neno LISTENING na poti 80 kamili, si 8080. Namba ya mwisho kwenye mstari huo ndiyo PID, namba ya utambulisho ya programu iliyoshika poti. Iangalie kwenye Task Manager ujue ni programu gani. Kama hutaki kuizima programu hiyo, fungua httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, badilisha Listen 80 iwe Listen 8080, uwashe Apache upya. Tangu hapo anwani yako ni http://localhost:8080/duka, na ukiisahau hiyo 8080 utadhani seva imekufa.

Jambo moja zaidi kabla ya kupandisha tovuti mtandaoni. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, lakini seva nyingi za kukodi hutumia Linux, nayo inajali. Picha iitwayo Nembo.png ukiiita nembo.png itaonekana vizuri kwako, na kule itapotea.